Meli Iliyokosa Moshi wa Kutosha

Mimi ni fundi injini. Nasema mapema ili usije ukadhani anayekusimulia ni mshabiki wa upepo. Miaka kumi na tisa nimekaa matumboni mwa meli za watu, meli ndefu kama barabara ya kwenda mjini Hillsborough, na kidole changu kimoja kilibaki huko kwenye feni ya chumba cha injini, sikumbuki hata ilikuwa bahari gani. Niliporudi kisiwani kwetu Carriacou sina kidole na sina akiba, mume wa dada yangu, Kapteni Verrol MacFarlane, akaniambia, "Shemeji, njoo uwe fundi injini kwenye meli yetu, Miss Oletha." Nikafurahi, nikanunua na ovaroli mpya. Hakuniambia kwamba injini yenyewe haiwashwi.

Labda nimezidisha. Ilikuwa inawashwa kutoka gatini na inazimwa tukishalivuka jiwe la kwanza. Shemeji alikuwa akigeuza uso kuelekea upepo, anakunja pua, anasema, "Cuthbert, nyamazisha hicho kitu," kisha tanga linapanda. Tanga lenyewe lilikuwa na viraka vingi kuliko kitambaa. Baada ya hapo mimi fundi mkuu nilikuwa namenya viazi vikuu na kuwafunga mbuzi waliofungua kamba. Twende Grenada na mbuzi na kondoo, turudi na saruji, gesi, unga na soda. Ovaroli yangu ilikaa miaka minne bila doa.

Basi mwezi wa Februari mlingoti ukapata ufa. Mwanzo ulikuwa na urefu wa kijiko. Kufika Pasaka ulikuwa mkono mzima, na shemeji akawa ameuzungushia waya na kuuegemea kila dada yangu anapokuja ufukweni, kama mtu anayeficha doa la shati.

Alijisumbua bure. Dada yangu Oletha huwezi kumficha kitu, na meli ni yake. Si kwa jina tu lililoandikwa ubavuni. Shamba aliloachiwa na baba yetu ndilo lililouzwa kununua mbao, na hati zina saini yake. Siku moja mchana, tunakula coo-coo, ule ugali wetu wa mahindi, na samaki, akaweka kijiko chini.

"Verrol, ule waya ni wa nini?"

"Waya gani?"

"Ule unaoulalia kila ukiniona."

Shemeji akatafuna muda mrefu sana chakula ambacho hakihitaji kutafunwa.

"Sikiliza," dada akasema. "Mlingoti mpya ukipatikana kabla ya Krismasi, vizuri. Usipopatikana, namwuzia Rawle. Na usinipigie kelele, maana kwa injini peke yake nauli yote ya mwaka itaishia kwenye pipa la dizeli. Mimi siwezi kuwafuga mbuzi kwa ajili ya kulisha injini ya Cuthbert."

"Injini yangu haili kitu," nikasema.

"Kwa sababu haifanyi kazi. Kama wewe."

Rawle Quashie ndiye mwenye Ocean Majesty, meli ya chuma iliyonunuliwa ikiwa imechoka na ikazidi kuchoka. Alikuwa ameshasema hadharani atakachokifanya akiipata Miss Oletha: atakata sitaha, atang'oa kila kilichosimama, aifanye tishari la kubebea mchanga. Shemeji aliposikia hilo neno, tishari, hakula tena siku ile. Meli ile aliijenga mwenyewe pale kijijini kwetu Windward, mbao kwa mbao, kwa miaka mitano. Na mlingoti wa urefu ule ungepatikana wapi? Tangu kimbunga kilipotupitia, kila ubao unaoshushwa kisiwani una nyumba tatu zisizo na paa zinazougombea. Mti wa futi sabini ukiutaja dukani wanakutazama kama umeomba mnara wa kanisa.

Hapo ndipo akatokea Joost.

Joost alikuwa Mholanzi, kijana mrefu, mwekundu kama kamba aliyechemshwa, mpole kupita kiasi. Alitumwa na shirika moja la kwao linalotoa milingoti, matanga na mashine za upepo bure kwa meli za mizigo za visiwani, ili zipunguze moshi. Bure kabisa. Dada aliposikia "bure" akamwalika barazani, akamtolea juisi ya chungwa, akamwita shemeji avae shati.

"Kapteni," Joost akasema, daftari mapajani, "safari ya kwenda Grenada na kurudi mnatumia mafuta kiasi gani?"

Nakwambia shemeji alivimba. Maisha yake yote alikuwa akingoja mtu amwulize swali hilo.

"Ndoo mbili."

"Ni lita ngapi?"

"Arobaini. Na hapo Cuthbert amemwaga kidogo."

Kalamu ikasimama. "Arobaini kwa saa?"

"Kwa safari, bwana. Kwenda na kurudi. Kingine chote ni upepo."

"Hongera sana," Joost akasema, lakini kwa ile sauti ya daktari anayefunga faili. "Kapteni, hii ni kazi nzuri mno. Tatizo ni kwamba masharti yetu yanataka meli ipunguze mafuta kwa asilimia arobaini. Ninyi mtapunguza kutoka wapi?"

"Sisi tumeshapunguza."

"Ndiyo. Hilo ndilo tatizo."

Shemeji akanitazama, akamtazama dada, akarudi kwa Joost. "Hebu nifahamishe taratibu, mimi si msomi. Mnataka meli zitumie upepo."

"Ndiyo."

"Mimi natumia upepo."

"Ndiyo, tena vizuri sana."

"Kwa hiyo hamnisaidii."

"Tunasaidia wale wasioutumia."

Na kama vile imelipwa kuja, Ocean Majesty ikapita pale mbele ya baraza letu, inatema moshi mweusi mzito kiasi kwamba ndege walibadilisha njia. Joost akasimama. Akatia mkono juu ya macho.

"Ile je?"

"Ya Rawle," nikasema. "Mapipa matano kwa safari."

"Mapipa matano!" Alilitamka kama mtu aliyeonyeshwa mchumba.

Dada yangu akaona mlingoti wake unaondoka na moshi ule. Akavuta kiti, akakaa mbele ya Joost, magoti kwa magoti.

"Bwana Joost. Mlingoti wetu una ufa. Nenda kautazame, usiniamini mimi. Kuanzia leo tanga halipandishwi, ni hatari. Meli hii sasa ni ya injini kama ya Rawle. Mtapima au hamtapima?"

Joost alikwenda akautazama ufa, akaingiza kidole, akatoa. Alikuwa mtu mkweli, ukweli wa kuchosha. "Naweza kufunga mita kwenye bomba la mafuta," akasema. "Itapigwa lakiri. Miezi mitatu, Mei mpaka mwisho wa Julai. Mkienda kwa injini tupu, nitaandika kile mita inachosema, na mlingoti mtapata kabla ya Krismasi. Lakini tanga likipanda hata mara moja, vipimo vyote vinakufa. Hata mara moja, Kapteni."

"Kwa hiyo," shemeji akasema polepole, "ili nipewe upepo, kwanza nichafue hewa."

"Mimi nisingelisema hivyo."

"Ungelisemaje?"

Joost akafikiri. "Kwa maneno mengi zaidi," akajibu, na hapo ndipo nilipoanza kumpenda.

Miezi ile, sitaficha, ilikuwa miezi mizuri ya maisha yangu. Niliamuriwa kuchoma dizeli! Mimi, mtu wa kumenya viazi! Niliisafisha ile injini mpaka ungejiona humo, nikaiwasha, ikakohoa kama babu aliyeamshwa usingizini, ikatoa kitu cheusi ambacho naamini kilikuwa ndege, kisha ikanguruma. Nikapanda sitahani ovaroli imelowa mafuta, nikasimama kando ya shemeji.

"Husikii muziki huo?"

"Sisikii kitu kingine," akasema.

Windward nzima ilipata habari zetu kabla hatujafika, kwa pua. Wanawake walioanika nguo walizianua wakisema maneno ambayo siwezi kuyaandika. Mama Cecile, mwenye miaka tisini, akamtuma mtu aulize kama Verrol amekufa, maana haiwezekani Verrol aliye hai apite pale na injini huku upepo uko tele. Mbuzi walifika Grenada pua nyeusi. Unga nao ukashika harufu, na kwa wiki mbili mkate wa kijiji chetu ulikuwa na ladha ya gereji.

"Cuthbert!" waokaji waliniita kutoka madirishani. "Mnachoma nini humo, matairi?"

"Nalinda mazingira, mama!" nikawajibu, na ilikuwa kweli, kwa mujibu wa karatasi.

Shemeji ndiye aliyeumia. Alikonda. Alisimama kwenye usukani na shingo imepinda upande upepo unakotoka, kama mtu anayemsikia jirani akimsema. Upepo mzuri ukija alifumba macho. Siku moja nilimkuta amelishika lile tanga lililokunjwa, analipapasa, na aliponiona akajifanya anatafuta panya. Lakini hakulipandisha. Mei ikaisha, Juni ikaisha, Julai ikafika ukingoni, na mita inasoma mapipa manne na nusu kila safari. Joost alikuwa akija gatini kusoma na kutabasamu. "Vizuri sana," anasema. "Vibaya sana. Vizuri sana."

Ikabaki safari moja. Ijumaa ya mwisho, siku ile ambayo watu wote wanamiminika Carriacou kwa ajili ya mashindano ya mashua ya Agosti. Joost akaomba apande nasi kutoka Grenada, aisome mita mwenyewe tukitia nanga, atie saini, biashara iishe.

Tulitoka asubuhi, mifuko mia mbili ya saruji chini na makreti ya soda juu. Upepo wa Julai ulikuwa umegeukia kusini kidogo, ule upepo wa ubavuni ambao ukiwa na tanga huhitaji hata kufikiri. Tukauacha ufuo wa Grenada, tukaingia kwenye mlango wa bahari wenyewe, karibu na Jenny, ule mlima wa moto uliolala chini ya maji, ambapo bahari haina adabu hata siku ya shwari. Mimi nilikuwa chini na mpenzi wangu anayenguruma. Nikasikia injini haijabadilika lakini vishindo vya miguu sitahani vimebadilika. Nikapanda.

Nyuma yetu ilikuwa inakuja mashua ya kisiwa cha jirani, Petite Martinique, Zéphirine ya Hudson DeRoche, imetoka kupakwa rangi kwa ajili ya mashindano, tanga jipya jeupe, watu saba wameketi ukingoni. Kati ya Windward na Petite Martinique kuna maili tatu za maji na miaka mia moja na hamsini ya matusi. Wanaoa kwetu na sisi kwao, na kwenye harusi tunagombana kuhusu mashua.

Wakatufikia. Wakapita ubavuni mwetu, karibu kiasi cha kuona meno yao.

"Kapteni Verrol!" Hudson akapaza sauti. "Tumesikia siku hizi unaendesha basi!"

Shemeji akakaza usukani. Macho mbele.

"Nauli ya kwenda Hillsborough ni kiasi gani, dereva?"

Mabaharia wetu wawili walikuwa wanatazama vidole vya miguu yao. Joost alikuwa anawapungia mkono, masikini, akidhani wanatusalimia.

Kisha Hudson akafanya lile jambo. Akachukua kamba, akafunga fundo mwishoni, akaiachia majini nyuma ya mashua yake ikaja ikielea mpaka karibu na omo yetu, pua ya meli.

"Shika, mzee! Tukuvute, chakula kisipoe!"

Wewe msomaji utasema, kamba ni kamba. Kwetu mtu akikuachia kamba majini na wewe ukaiacha ielee, watoto wa wajukuu zako watazungumziwa habari hiyo msibani. Babu yangu alivunjika mbavu mbili kwa sababu ya kamba ya namna ile, na kwenye mazishi yake ndicho kitu cha kwanza alichotajiwa kwa sifa.

"Cuthbert," shemeji akasema kwa sauti ndogo. "Zima."

"Shemeji. Joost yuko hapa."

"Zima."

"Zimebaki saa mbili! Saa mbili, shemeji! Fikiria tishari! Fikiria mchanga!"

"Cuthbert, nikishuka huko chini nikaizima mwenyewe, nitaizima kwa nyundo."

Nikaenda nikazima. Niseme nini? Mimi pia nimezaliwa Windward. Niliporudi juu kifuniko cha turubai kilikuwa kimeshang'olewa na mabaharia wanavuta kamba kama watu wanaomtoa ndugu yao kisimani. Tanga likapanda na viraka vyake vyote, likapiga kofi moja, likajaa. Meli ikainama. Kreti la soda likatuaga. Na ule ukimya, ndugu yangu. Sitasema zaidi, mimi ni fundi injini.

"Ongeza mtu kwenye kamba!" shemeji akafoka. Akawa mtu mwingine, mwenye miaka thelathini. "Wewe mrefu! Vuta!"

Mrefu alikuwa Joost. Na Joost akavuta! Akatupa daftari, akashika kamba, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, anacheka, anapiga kelele kwa Kiholanzi. Mtu aliyekuja kutoka ng'ambo ya bahari ili meli zirudi kwenye upepo, na kwa miezi mitatu kazi yake imekuwa kusoma mita ya dizeli. Nani angemzuia?

Tukawakaribia. Hudson akageuka, kicheko kikamganda. Miss Oletha si mashua ya mashindano, lakini ikishapata mwendo na saruji tumboni haisimamishwi na mawimbi madogo. Tukawa sambamba. Tukawakata upepo, tanga lao jipya likalegea kama shuka. Tukapita. Shemeji akaacha usukani kwa baharia, akakimbilia shetri, nyuma kabisa, na kamba mkononi, akafunga fundo, akaitupa majini.

"Hudson! Shika, mwanangu! Tukuvu—"

Mlingoti ukavunjika.

Haukuvunjika kwa heshima. Ulilia kwanza, ule waya ukaruka ukiimba, kisha nusu ya juu ikaja chini na tanga lote, ikaponda makreti na kuwafunika mabaharia. Nilishukuru Mungu kuhesabu vichwa vitano. Nikateremka mbio kuwasha injini, ikawaka mara moja, mpenzi wangu, ikazunguka mara tatu, ikakwama. Ile kamba aliyoitupa shemeji ilikuwa imejisokota kwenye mapanga ya rafadha mpaka fundo la mwisho.

Basi tukawa hatuna mlingoti, hatuna rafadha, na chini yetu Jenny amelala usingizi usioaminika. Zéphirine ikageuka. Hudson akaja taratibu, akatusogelea, na kwa jambo moja nitamheshimu maisha yangu yote: hakusema neno. Alitupa tu kamba.

Tuliingia Windward saa tisa alasiri, tunavutwa na Petite Martinique, ufukwe umejaa watu waliokuja mashindano kutoka visiwa vyote. Hata bendi iliacha kupiga. Mpaka leo wao wanasema walitushinda na sisi tunasema tulikuwa mbele kwa urefu wa meli wakati mlingoti unaanguka, na jambo hili halitaisha.

Dada yangu alikuwa amesimama majini, maji ya magoti, mikono kiunoni.

"Verrol MacFarlane," akasema. Hilo tu. Shemeji akashuka, akapita kando yake, akaenda kukaa kwenye mchanga na mgongo ametupa watu wote.

Joost alikaa juu ya mfuko wa saruji. Mikono yake ilikuwa imechubuka.

"Nimevuta kamba mwenyewe," akasema. "Bi Oletha, nimevunja masharti kwa mikono yangu. Tanga lilipanda dakika arobaini. Lazima niandike. Vipimo vyote vimekufa."

"Andika," dada akasema. "Mtu mzima anaandika ukweli. Na kuhusu mlingoti utaandika nini?"

"Umevunjika."

"Umevunjika, au haupo?"

Akaitazama meli. Kilichosimama kilikuwa kisiki kifupi kuliko yeye. "Haupo," akakubali.

"Meli isiyo na mlingoti inaweza kupandisha tanga?"

Nilimwona Joost akilipokea swali lile, akalizungusha kichwani, akatafuta uongo ndani yake, asiuone.

"Haiwezi," akasema. "Haiwezi kabisa. Hata nahodha akitaka." Uso ukaanza kumrudia. "Bi Oletha, kwa kweli sasa ndiyo mna sifa zote. Zamani nilikuwa na wasiwasi. Naweza kuanza kupima upya kesho. Agosti, Septemba, Oktoba."

"Na mlingoti kabla ya Krismasi?"

"Kabla ya Krismasi."

Dada akageukia mgongo ule uliokaa mchangani. "Umesikia? Umefaulu kwa kuivunja meli. Usirudie."

Basi tukachoma miezi mitatu mingine. Safari hii shemeji hakuumia, hakukuwa na kitu cha kutamani, kisiki tu. Nauli iliishia kwenye pipa kama dada alivyosema, tukala mahindi na mbaazi, na Rawle alikuwa anapita kila Jumapili kupima sitaha yetu kwa hatua za miguu yake. Oktoba ilipoisha Joost akatia saini, akatukumbatia wote, akarudi kwao kwenye baridi; mita akatuachia, dada awe anaipelekea ofisi yao hesabu ya kila safari.

Desemba mlingoti ukaja. Haukuwa wa mti, ulikuwa wa kitu cheusi chepesi kinachosukwa viwandani huko Ulaya, na tanga lake. Ulivuka bahari yote ya Atlantiki juu ya meli kubwa ya makontena ambayo tuliuona moshi wake nusu saa kabla ya kuiona yenyewe. Kutoka bandari ya Grenada ulikuwa mrefu mno kwa sitaha yetu, kwa hiyo ilibidi tumkodi Rawle. Ocean Majesty ikaubeba, sisi tukafuata nyuma tukikohoa. Rawle akatulipisha bei ya abiria wawili, alisema umetokeza pande zote mbili.

Tuliusimamisha ufukweni kama inavyotakiwa, kondoo akachinjwa, damu kwenye omo na shetri, rum ya jack iron ikamwagwa, nyingine ikanywewa. Siku tatu kabla ya Krismasi. Shemeji akapandisha tanga jipya akiwa amevaa viatu vya kanisani. Mimi sikuulizwa chochote. Hata kutoka nangani aliondoka kwa tanga, hata gatini Grenada aliingia kwa tanga, watu wa bandari wanamfokea kwa vipaza sauti na yeye anawavulia kofia. Nikarudi kwenye viazi vyangu. Safari sita, injini haikupata moto hata wa kuchemshia chai.

Mwishoni mwa Januari ikaja barua, si ya Joost, ya ofisi yao. Dada akaisoma barazani kwa sauti.

"'Mita yenu inaonyesha sifuri kwa safari sita mfululizo. Sifuri si kipimo kinachokubalika. Tunaamini kifaa kimeharibika au kimechezewa. Msipokitengeneza ndani ya siku thelathini tutalazimika, kwa mujibu wa mkataba, kuuchukua mlingoti.'"

Shemeji akachukua barua, akaigeuza, akatafuta upande ambao una akili. "Wanataka nini?"

"Wanataka moshi," dada akasema.

"Si walitaka nipunguze?"

"Umepunguza mno. Wamekuogopa."

Kisha, taratibu sana, wote wawili wakageuka kunitazama mimi. Nakumbuka hata viazi nilivyokuwa navyo mkononi.

Siku hizi kila Jumatatu, meli ikiwa nangani pale Windward, tanga limekunjwa na mizigo imeshashushwa, mimi navaa ovaroli, navuta makasia ya mtumbwi mpaka kwenye Miss Oletha na kuwasha injini. Saa moja kamili. Meli haiendi popote, nanga imeishika vizuri. Lita sita. Shemeji huo muda huenda kukaa nyuma ya nyumba. Mama Cecile hufunga dirisha. Mimi hukaa chini na kuisikiliza, na nikimaliza naipangusa.

Ofisi ikajibu haraka. Wametushukuru kwa kukitengeneza kifaa, wamesema takwimu zetu sasa zinapendeza, bora kuliko za meli yoyote katika mpango wao, na wakaomba picha ya kuweka kwenye kitabu chao cha mwaka. Dada akawapigia moja kutoka barazani, bila kuangalia ni siku gani. Wameiweka ukurasa wa kwanza, mlingoti umesimama vizuri kabisa, na nyuma yake kuna kitu kama wingu dogo la kijivu. Wameandika chini yake kwamba mvua za kwetu huja ghafla.